Treni zimekwama kwenye makutano: dalili, chanzo na dawa katika OpenTTD

Lamu hatuna reli. Mizigo yetu hubebwa na punda, mkokoteni na mashua, na magari ya kisiwani unaweza kuyahesabu kwa vidole. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilishika njia ya bara mpaka Kisumu mwaka 1901, haikutugeukia. Mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa mwaka 2012 umetuletea bandari inayofanya kazi tangu 2021, lakini treni yake bado tunaisikia kwenye hotuba. Basi vijana wa mtaa wanajijengea wenyewe kwenye kompyuta.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Langoni, na baada ya Isha hugeuka baraza. OpenTTD, mchezo wa kompyuta wa kujenga reli na kuendesha usafiri, ni ya bure, haili bando ukishaipakua, na inacheza hata kwenye kompyuta chakavu ambayo mwenyewe kashaikatia tamaa. Nikiwa nimeinamia kazi yangu nasikia: "Ami, hebu njoo, treni zimekataa kutembea." Naenda. Kwa muda mrefu sasa naona ni kasoro zilezile sita au saba, kwa hivyo nimeziandika, kila dalili na vyanzo vyake, kinachotokea sana kikitangulia.

Nitataja aina mbili za taa. *Taa ya kipande* inaruhusu treni moja tu ndani ya kipande kizima cha reli mpaka taa inayofuata. *Taa ya njia* ni ya akili zaidi: treni inashika reli itakazopita tu, na nyingine inaweza kupita kandokando ndani ya kipande hichohicho kama njia zao hazikatani. Ukishikilia Ctrl na kubofya taa iliyokwisha kujengwa, inabadilika aina. Ukiibofya bila Ctrl, inabadilika upande inakotazama.

Kabla ya kugusa chochote

Simamisha mchezo kwa kitufe cha kutulia. Hifadhi kwa jina jipya, si juu ya lile la jana. Halafu nenda kwenye mipangilio uwashe ile ya kuonyesha reli zilizoshikwa na treni: reli ambayo treni imeshajiwekea itaonekana na rangi nzito kuliko nyingine. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayaona kwa macho baada ya hilo tu.

Dalili ya 1: Treni kadhaa zimefungana katikati ya makutano, hakuna inayosonga

Hili ndilo naitiwa mara nyingi kuliko mengine yote. Usianze kubomoa. Tafuta kwanza treni iliyo mbele ya zote, ile ambayo yenyewe haizuiwi na mkia wa mwenziwe, uone inasubiri nini. Mara nyingi ugonjwa uko mbali na mahali unapouma.

*Chanzo cha kwanza: nafasi ya kutokea ni fupi kuliko treni.* Umewahi kuona watu wawili waliobeba boriti ndefu wakitoka kichochoroni kuingia Usita wa Mui? Wa mbele keshafika njia kubwa, kakuta mkokoteni umesimama, naye anasimama. Lakini boriti haijaisha. Mkia wake na mwenziwe wa nyuma wako bado kichochoroni, na nyuma yao punda wawili wa mchanga hawana pa kupita. Muulize yule wa mbele, atakuapia kwamba yeye hajaziba kitu.

Treni ni boriti. Hesabu miraba ya ramani kuanzia reli ya mwisho inayokatana hadi taa ya kwanza baada ya makutano. Kisha pima treni yako ndefu kuliko zote: kwa treni za kawaida za mchezo huu, kila mraba unachukua mabehewa mawili, na kichwa kinahesabiwa kama behewa. Treni ya kichwa kimoja na mabehewa 9 ni miraba 5. Kama taa iko mraba wa 3 na ikawaka nyekundu, miraba 2 ya mkia imebaki juu ya makutano. Dawa ni kuing'oa ile taa au kuisogeza mbele mpaka miraba 5 au zaidi. Baada ya hapo unaweza kuzipanga taa zinazofuata karibukaribu upendavyo.

Kijana mmoja alinibishia sana kwa hili. Makutano yake yalikuwa yamefanya kazi miaka mingi ya mchezo bila kelele, iweje leo yawe na kasoro? Nikamuuliza kabadilisha nini. Alikuwa ametaka pesa zaidi za makaa ya mawe, akarefusha treni zake kutoka miraba 4 hadi 7. Makutano ni yaleyale. Boriti ndiyo iliyorefuka.

*Chanzo cha pili: taa zimewekwa ndani ya makutano.* Anayeanza huona makutano makubwa akadhani kila reli inastahili taa yake. Taa ni ruhusa ya kusimama. Kwa kila taa jiulize: treni ikisimama hapa, mkia wake utakuwa wapi? Kama jibu ni "juu ya reli ya mwenziwe", hiyo taa haina haki ya kuwepo. Weka taa za njia kwenye milango ya kuingilia, ndani acha tupu. Makutano ya ghorofa, yenye madaraja na nafasi ndefu kati ya mkato mmoja na mwingine, yanaweza kubeba taa za ndani, lakini kwa kipimo kilekile cha urefu wa treni.

*Chanzo cha tatu: mduara.* Wengi hujenga makutano ya duara kwa kuiga barabara za magari. Treni nne zinaingia, kila moja inasubiri mkia wa iliyo mbele yake, na iliyo mbele ya zote ndiyo hiyohiyo iliyo nyuma ya zote. Ukitoa taa zote ndani ya duara litafanya kazi, ila polepole. Kwa maoni yangu duara ni la siku ya kwanza, ukishazoea livunje.

*Chanzo cha nne: stesheni ya mbele imejaa.* Makutano hayana kosa lolote, foleni ya stesheni imerudi nyuma mpaka ikayafikia. Tazama dalili ya 5.

Kukwamua sasa hivi: chagua treni moja ya pembeni, isimamishe kwa mkono, igeuze irudi ilikotoka, na zilizobaki zitajifungua zenyewe. Usibonyeze kitufe cha kupuuza taa wakati treni nyingine yoyote inasonga karibu. Kitufe hicho kinafanya hasa kile kinachosema, na utaokota mabehewa.

Dalili ya 2: Taa ni nyekundu, mbele hakuna kitu

Anza na la aibu: bofya treni uone kama hukuisimamisha mwenyewe ukasahau. Hutokea hata kwa wakubwa.

Kama sivyo, mara nyingi ni taa za kipande kwenye makutano. Treni iko upande ule mwingine kabisa, haikusumbui, lakini kwa kuwa iko ndani ya kipande kimoja na chako, taa inakataa. Zibadilishe za milangoni ziwe za njia.

La pili ni uzi uliosahaulika. Ulijenga reli mbili sambamba, ukaziunganisha kwa muda, ukabomoa kiungo lakini ukaacha kijipande cha mraba mmoja. Macho hayakioni. Kwa taa za kipande, kijipande hicho kimefanya njia mbili kuwa moja, na treni ya njia ya kwenda inazuia ya kurudi. Vuta picha karibu, kagua mraba kwa mraba.

La tatu ni daraja au handaki. Katika mchezo wenyewe, bila marekebisho yanayoongezwa na watu, huwezi kuweka taa juu ya daraja wala ndani ya handaki. Kwa hiyo treni iliyomo handakini huioni, na taa ya nyuma inangoja mpaka itoke mkia. Hilo si kosa, ni hali, tutalirudia.

La mwisho, ambalo si la kawaida: taa ya njia inataka kushika njia yote mpaka mahali salama pa kusimama, na hapo mahali salama ni mbali mno, pengine stesheni ya pili. Ongeza taa katikati, baada ya makutano, kwa kipimo cha dalili ya 1.

Dalili ya 3: Ujumbe unasema treni imepotea, nayo inazunguka

Fuata njia yake kwa kidole kutoka stesheni hadi stesheni. Utakuta mojawapo ya haya, kwa mpangilio huu:

- Taa ya upande mmoja imetazama nyuma. Treni haiwezi kuipita kwa upande huo, kwa hiyo kwake pale ni ukuta.
- Mraba mmoja wa reli haupo. Hasa baada ya kupanua stesheni.
- Ni treni ya umeme, na kuna mraba mmoja wa reli isiyo na umeme. Itafika pale na kugeuka. Kijana akibadilisha vichwa kuwa vya umeme husahau daima karakana au kona moja. Tumia kile kifaa cha kubadilisha aina ya reli uburute eneo zima, usibofye moja moja.
- Umezima kona za nyuzi 90 kwenye mipangilio na makutano yako yana moja.
- Amri ya safari inataja stesheni nyingine yenye jina linalofanana. Hili nalicheka, lakini limetuchukua saa nzima siku moja.

Dalili ya 4: Treni mbili zimetazamana uso kwa uso kwenye reli moja

Aliyekulia Mkomani, mtaa wa vichochoro hapa Lamu, hahitaji maelezo. Punda wawili wenye mizigo wakikutana kwenye kichochoro chembamba, mmoja lazima arudi hadi penye upenyo, na mabishano ya nani arudi ni marefu kuliko kurudi kwenyewe. Treni hazibishani, zinasimama tu mpaka uamke asubuhi.

Reli moja inahitaji sehemu za kupishana, kama ilivyo kwenye SGR ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa 2017: njia ni moja kwa sehemu kubwa, na kila baada ya umbali fulani inagawanyika ili moja isubiri. Makosa ya kuangalia:

Taa imewekwa kwenye reli moja, kati ya upenyo na upenyo. Ing'oe. Taa ziwe ndani ya upenyo tu, mwishoni, zikiitazama treni inayotaka kutoka. Hivyo treni haiondoki mpaka iwe imeshika njia yote hadi upenyo wa mbele.

Upenyo ni mfupi kuliko treni. Boriti tena.

Treni ni nyingi kuliko nafasi. Hata taa zikiwa sahihi, reli zote za upenyo zikijaa kila mahali hakuna atakayesogea. Lazima pabaki angalau reli moja tupu katika mnyororo mzima, na kwa raha ya moyo zibaki mbili tatu. Ukijikuta unaongeza treni ya nane kwenye njia yenye penyo tatu, huo ni wakati wa kujenga reli ya pili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Usihangaike zaidi na taa.

Dalili ya 5: Hakuna iliyokwama, ila foleni inakua kila mwaka

Hapa ndipo mchezo unapoanza kwa kweli, na hapa ndipo vijana wananikasirisha, maana dawa wanayoijua ni moja: kuongeza taa. Taa haziongezi mwendo wa treni. Angalia kile kinachozifanya zipunguze.

*Stesheni.* Karibu kila foleni ndefu niliyoifuata ilianzia stesheni. Amri ya kusubiri mzigo ujae ndiyo mama yake: treni tatu za makaa zimeshika majukwaa matatu zikingoja, ya nne inangoja taani, ya tano iko juu ya makutano ya watu wengine. Cheki ya kwanza ni rahisi: machimbo yanatoa mzigo wa treni ngapi, na wewe umeweka ngapi? Punguza treni kabla ya kujenga. Kama mzigo upo kweli, ongeza majukwaa, halafu jenga reli ya kungojea kabla ya stesheni, nje ya njia kuu, yenye urefu wa treni mbili. Weka taa ya njia mlangoni na nyingine kwenye kila jukwaa upande wa kutokea. Angalia pia koo la stesheni: kama inayotoka inakata njia ya inayoingia, kila safari moja unailipia mara mbili.

*Kuungana na njia kuu.* Treni ya tawi inasimama taani, inaruhusiwa, inaanza kutoka sifuri, inaingia mbele ya treni iliyokuwa ikikimbia. Nayo inafunga breki, na iliyo nyuma yake, na ya nyuma tena. Kama tawi lina treni nyingi, lipe reli yake ya pili sambamba na njia kuu, ziungane mbele zaidi au zisiungane kabisa. Na pale ambapo njia ya kugeuka inakata njia ya wanaokuja, pandisha daraja. Daraja moja dogo la kuvuka linaondoa subira ambayo hakuna taa itakayoiondoa.

*Kilima.* Usiweke taa ya kusimamia chini ya mteremko. Treni nzito ya mizigo ikianza kupanda kutoka kusimama itatambaa kama kobe wa pwani, na foleni yote inatambaa nayo. Taa iwe kwenye tambarare, na baada yake pawe na umbali wa kukusanya mwendo kabla ya mlima.

*Kona.* Kona kali hupunguza mwendo, na treni ndefu huumia zaidi. Acha miraba iliyonyooka kati ya mkunjo na mkunjo. Usigeuze nyuzi 90 ndani ya miraba miwili kwa sababu ya kubana nafasi. Ramani ni kubwa, ardhi yenyewe si ya kugombania.

*Daraja refu.* Turudi hapa kwa hesabu. Daraja la miraba 12, treni ya miraba 5: ya nyuma haiwezi kuingia mpaka ya mbele iwe imesafiri miraba 17. Huku njia yako yote ina taa kila baada ya miraba 2. Hilo daraja ndilo shingo ya chupa, hata kama kila kitu kingine ni cha dhahabu. Jenga mawili sambamba, taa ya njia kabla ya kugawanyika, taa mara tu baada ya kila daraja, na baada ya hizo nafasi ya kuungana tena.

*Kuharibika.* Treni inasimama na moshi, katikati ya makutano bila shaka. Weka karakana pembeni, si juu ya njia kuu, na uhakikishe treni zinaipitia kwa ukaguzi. Vichwa vizee hubadilishwa. Au punguza uharibifu kwenye mipangilio. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu, mimi nasema mchezo ni wako.

Dalili ya 6: Zimegongana

Mchezo hauruhusu treni kugongana zikiachwa na taa zake. Zikigongana, kuna mkono wa mtu: umepuuza taa, umegeuza treni iliyokuwa imeshika njia, au umeng'oa taa huku treni zinatembea. Ukitaka kujenga upya makutano yenye shughuli, simamisha treni zote zinazoyaelekea kwanza, moja moja, ngoja zilizomo ndani zitoke, ndipo ubomoe. Basi likigongwa kwenye kivuko cha barabara, hiyo ni shauri nyingine: jenga daraja la barabara juu ya reli.

Dalili ya 7: Mchezo wenyewe ni mzito, au unajifunga

Hapa si makutano tena, kwa hiyo nenda polepole.

Mzito tu: ramani kubwa yenye mamia ya treni inachosha kompyuta ndogo. Funga programu nyingine, punguza treni zisizo na faida. Kama ulianza kuwa mzito ghafla siku moja bila kuongeza kitu, mashine inapata joto. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, na feni za huku huziba na kula kutu mapema. Sikia sauti yake, gusa chini.

Unajifunga wenyewe: tafuta mafaili mapya yanayoanza na neno "crash" kwenye folda ya mchezo. Usiyafute, na usihifadhi juu ya mchezo wako wa zamani. Fungua hifadhi ya awali uone kama inajifunga palepale.

Acha, usiendelee mwenyewe, ikiwa:

- Unataka kuongeza au kuondoa viongezo vya treni vya NewGRF katika mchezo ulioanza. Vinaweza kuharibu hifadhi nzima. Anza ramani mpya, au muulize aliyewahi kuharibu yake.
- Mnacheza kwenye seva ya mtu na makutano yaliyofungana si ya kampuni yako. Mwite mwenye seva. Ukibomoa pembeni mwake utagombana na rafiki.
- Kompyuta inajizima yenyewe kwa joto. Ipeleke kwa fundi afungue na kusafisha feni. Usiifungue kwa kisu cha jikoni. Nimeletewa moja ya namna hiyo na ubao wake ulikuwa umekwaruzwa mpaka shaba.
- Betri imevimba, au kifuniko cha chini kimenyanyuka. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena, usiitoboe, usiiweke juani barazani. Ilete dukani siku hiyohiyo, na mchezo uutoe kwenye diski baadaye.